Saa Nane Usiku, Ofisi ya Mizani

Mvua ya Tukuyu haina adabu ya kubisha hodi.
Imeingia tangu alasiri, imekaa juu ya bati,
nami chini yake, blanketi mabegani,
nahesabu kompyuta sitini na mbili
kama mama anayehesabu vifaranga gizani:
huyu kalala, huyu kalala, huyu macho.

Kazi yenyewe, ukiitaja mchana, ni ndogo.
Programu-jalizi moja ndani ya kivinjari,
kile kitone cha kijani pembeni mwa kioo
kinachosoma mizani na kuandika kilo.
Toleo jipya limekuja. La zamani lina tundu.
Tundu dogo, lakini panya haombi mlango mpana.

Mwaka juzi nililituma saa nne asubuhi.
Nakiri. Nilikuwa mgeni wa kazi, nina haraka, nina cheti.
Nilibonyeza mara moja, na mizani zote,
kuanzia Masoko hadi Masukulu, zikasimama:
Subiri. Inasasishwa.
Nani alimwambia jani lisubiri?
Lilikuwa guniani, limelowa, limeanza kupata joto.
Ambilikile akatia mkono ndani ya gunia lake,
akautoa, akaunusa.
Hakunitukana. Angenitukana ningelala.
Aliuliza tu: "Kijana, hiyo unayoisasisha,
inajua bei ya chai iliyoungua?"

Tangu hapo kazi hii naifanya usiku.
Kwanza yangu. Naonja. Nakaa nayo siku mbili
nione kama itakoroma.
Kisha tatu: ya stoo, ya mapokezi,
na ya Gwakisa, ambaye hubonyeza kila kitu;
kisichovunjwa na Gwakisa hakivunjiki.
Kisha kumi. Kisha nasikiliza.
Toleo la zamani silifuti, naliweka kando
kama kaa la moto lililofukiwa jivuni,
huwezi kujua.

Zilizobaki ndizo za leo, moja moja,
maana intaneti yetu ina koo jembamba,
ukiilisha zote kwa mkupuo inapaliwa
kama mtoto aliyepewa mbalaga ya moto.
Hamsini na nane. Hamsini na tisa.
Sitini.
Sitini na moja.

Moja imegoma.

Ya malipo, ya Bi Subilaga.
Nawasha tochi, navuka korido.
Kioo kinawaka. Kurasa thelathini ziko wazi,
safu za majina, nusu hazijahifadhiwa,
na kikaratasi cha njano, mwandiko wa mbio:
USIZIME. Malipo ya Masukulu.
Mtoto ana homa. Nakuja alfajiri.

Ruhusa ya kuilazimisha ninayo. Kidole ninacho.
Kitufe kinasema Washa upya sasa
kwa sauti ya mtu asiye na mtoto.

Nikaiacha.
Nikaandika kwenye ratiba: hii isubiri,
mpaka ahifadhi, mpaka afunge mwenyewe,
akienda kunywa chai, na isimuulize neno.
Bati lilikuwa linavuja karibu na meza yake.
Nikasogeza ndoo.

Saa moja asubuhi, gari la majani likapiga honi.
Gunia la kwanza: kilo arobaini na moja.
Kioo hakikusema subiri.
Gwakisa akabonyeza kila kitu.
Meneja akanikuta nasinzia juu ya kibodi,
akasema, "Kitengo chako hiki, siku hizi,
hata sijui kinafanya nini."
Nikamwambia, "Shikamoo, bosi."

Saa nne na dakika thelathini na tano
kitone cha mwisho kwenye orodha yangu kikawa kijani.
Nikaenda hadi mlangoni kwake, nikijifanya natafuta stepla.
Bi Subilaga alikuwa amerudi na kikombe,
amekaa, macho mekundu kwa kukesha,
akafungua tena kurasa zake, hakushangaa chochote,
akaendelea na jina lile lile alipoliachia:
Mwakalinga, Ambilikile.
Kilo mia tatu na sita.